Matone Matatu ya Udi

"Ngoja kwanza, Cyrus. Simama hapo hapo." Phoebe alimshika mkono, akainamia kola ya jaketi lake. "Wueh! Unanukia kama keki ya harusi! Hii ni pafyumu gani?"

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nageuza nyama kwenye makaa. Moyo uliniruka kwa furaha. Nikajiambia, sasa atasema. Ni leo.

Cyrus akacheka. "Hii? Nina binamu Paris. Aliniletea Krismasi."

Koleo likanitoka mkononi likaanguka kwenye makaa.

Binamu! Paris! Wanawake wenzangu, yale marashi niliyachanganya mimi, kwa mikono hii, kwenye duka la Yusufu, muuza manukato, kule Al Mansoura, hapa hapa Qatar. Na Cyrus Wanjohi hakuwa rafiki tu. Alikuwa mchumba wangu miaka miwili. Yeye anafanya kazi ya kompyuta ofisini. Mimi nafanya kazi ya nyumba huku Umm Salal. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, na Ijumaa zote hizo nilimpa yeye. Nilikuja kwenye choma ile ya Wakenya kwa sababu alinipigia simu akasema, "Vaa vizuri, Naf. Leo nataka watu wakujue."

Nikavaa vizuri. Akanipa koleo.

"Dada, umeungua?" Phoebe aliniuliza. Huyo Phoebe ni nesi, mrembo, na akiongea haogopi mtu.

Kabla sijajibu, Cyrus akarukia. "Huyo ni Nafula. Ananisaidianga kufua nguo Ijumaa. Nikamwambia akuje atusaidie na nyama."

"Aki, shukran, Nafula," Phoebe akasema, na alisema kwa roho safi. Hakujua.

Nikaokota koleo. Mimi si mtu wa kulipuka. Mama wa nyumba ninapofanya kazi ndiye aliyenifundisha kufukizia wageni bukhuri, na alinifundisha jambo moja: harufu nzuri haikimbizwi. Unaiweka, unangoja, yenyewe inafunguka.

Nikatoa simu nikamwandikia.

*Cyrus, mimi ni dobi wako?*

Nilimwona ng'ambo ya moto akisoma. Akanijibu bila kuniangalia.

*Naf pls. Usinianike hapa. Tutaongea.*

*Ulisema leo utawaambia watu mimi ni nani.*

*Leo si siku poa. Hawa ni watu wa ofisi. Unajua venye wanaongea.*

*Wanaongeaje?*

Jibu likaingia.

*Class 8. Kazi ya nyumba. Watanicheka mwaka mzima. Elewa basi.*

Nilisoma mara mbili. Darasa la nane, ndiyo. Lakini karo ya kozi yake ya jioni ilipopungua mwaka juzi, hakuuliza mshahara wangu umesoma hadi darasa gani.

"Dada Nafula, mbona wanyamaza hivyo?" Huyo alikuwa Harun, dereva wa nyumba yetu, mtu wa Malindi. Ndiye aliyenileta, na ndiye anayenipelekaga kwa Yusufu. Alikuwa amekaa karibu na jiko na kikombe chake cha chai ya karak, na masikio yake hayana kazi nyingine. "Hivi Paris siku hizi iko Al Mansoura?"

"Harun, nyamaza."

"Nauliza tu. Isije siku nikakosa njia."

Baridi ya Januari ilikuwa imeshuka sawasawa. Watu walijikunyata, wakausogelea moto. Na marashi yale ni ya jioni za baridi hasa. Jua la Julai likiyapata yanageuka sukari iliyoungua, kichwa kinakuuma. Lakini mtu akiwa na jaketi zito, moto mbele yake na upepo mgongoni, yanaamka pole pole. Nilijua saa yao. Nikangoja.

"Haki Cyrus, imebadilika!" Phoebe akapiga kelele. "Mwanzo ilikuwa iliki. Saa hii nasikia kahawa. Njooni mnuse huyu mtu!"

Wakaja. Wakamnusa kama nyama iliyoiva. Mmoja akasema ni chokoleti, mwingine akasema ni tende.

"Inaitwaje?" Phoebe akauliza. "Nataka kumtumia kakangu, hapo Eldoret baridi inauma."

"Ni... jina la Kifaransa. Ndefu. Nitakuangalilia."

"Chupa iko wapi?"

"Nyumbani."

"Si umtext huyo binamu? Paris saa hii hawajalala."

Watu wakacheka. Cyrus akatafuta pa kuweka macho, macho yakanipata mimi.

"Nafula! Si upeleke nyama kwa ile meza ingine?"

Basi. Hapo ndipo subira yangu ilipoishia. Nikaweka koleo chini, nikapangusa mikono, nikasimama mbele ya moto.

"Haina jina, Phoebe," nikasema.

"Ati?"

"Hiyo pafyumu. Haina jina la Kifaransa. Ni iliki, kahawa, vanila na ambari. Kahawa ikiisha, nusu saa kutoka sasa, utasikia vanila na tumbaku kidogo. Na udi. Matone matatu, si manne."

"Nafula," Cyrus akasema akiuma meno.

"Manne yanambana kifua. Mara ya kwanza nilitia manne, akakohoa siku mbili, nikampikia uji wa tangawizi. Na hajipaki shingoni, ngozi yake inawasha. Nilimwambia aweke kwenye bitana ya jaketi, upande wa kushoto, chini ya mfuko. Hapo bitana ilichanika mwezi wa kumi na moja. Nikaishona na uzi wa kijani kwa sababu ndio niliokuwa nao kwa mkoba."

Watu wakasogea karibu.

Phoebe akamwangalia Cyrus. Halafu, taratibu, kama anayemfungua mgonjwa shati, akafunua jaketi upande wa kushoto. Kila mtu akaona. Uzi wa kijani kwenye bitana nyeusi, mshono mdogo mdogo, nadhifu.

"Dobi anashona pia?" Harun akauliza kule nyuma.

"Cyrus," Phoebe akasema, sauti imeshuka. "Jumanne uliniambia tangu ukuje Qatar hujawahi kuwa na mtu. Ukaniambia unataka mtu serious."

Kumbe! Hilo lilinichoma kuliko makaa. Kumbe sikufichwa kwa sababu ya watu wa ofisi peke yao.

"Si hivyo, Phoebe. Mimi na huyu ni... unajua vile..."

"Huyu ana jina. Umelisema ukimtuma nyama."

"Sawa!" Cyrus akarusha mikono juu. "Sawa! Ni mchumba wangu! Mmefurahi sasa? Ni mchumba wangu, amefika class eight, anafanya kazi ya nyumba! Mmefurahi?"

Hakuna aliyecheka. Hao watu wake wa ofisi, aliowaogopa hivyo, walikuwa wanaangalia viatu vyao kwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa yangu.

Nikamsogelea. Alinukia vizuri, Mungu anisamehe. Alinukia kazi yangu.

"Cyrus, nimengoja miaka miwili kusikia hilo neno. Sikujua utalitoa kama mtu anayetema mfupa."

"Naf, mpenzi, subiri..."

"Aprili ulikuwa uende Kimilili kumwona mama yangu. Usiende. Nitampigia mwenyewe." Nikageuka. "Harun, twende."

"Yalla, dada."

Tulikuwa tumeshafunga milango Phoebe alipofika mbio, akagonga kioo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nafula, pole. Ningejua, singemshika hata kidole."

"Najua. Wewe ulidanganywa kama mimi."

"Ukichanganya ingine, niuzie. Si ya mwanaume. Yangu."

Njia nzima Harun hakutania. Nililia hadi tukafika getini. Sitadanganya, nililia sana.

Ijumaa iliyofuata nilienda kwa Yusufu. Yeye huandika kila mchanganyiko kwenye kadi na kuihifadhi kwenye sanduku la bati. Akatoa ile yangu. Juu palikuwa pameandikwa vile nilivyomwambia mwaka juzi: *Cyrus wangu.*

"Sawa na zamani?" akauliza.

"La. Futa hilo jina. Andika *Nafula*. Na udi tia matone matano."

"Matano? Kifua?"

"Changu ni kizima."

Akacheka, akafuta, akaandika. Nilikuwa nakinusa kifuniko cha chupa simu ilipolia. Wiki nzima hakuniandikia hata pole. Sasa ndiyo hii.

*Naf. Najua una hasira. Lakini pafyumu imeisha na baridi bado iko. Nifanyie tu chupa moja, hata ndogo.*

Nilimwonyesha Yusufu, akatikisa kichwa. Nikajipaka tone moja mkononi, nikalingoja likauke, ndipo nikajibu:

*Agiza kwa binamu.*