Bahshishi ya Bi Verlene

Kila Jumamosi asubuhi Jonelle alimsindikiza bibi yake, Ernestine, hadi saluni kwa Bi Verlene, mtaani kwao Memphis. Bibi alioshwa nywele, akafungwa rola, kisha akakaa chini ya draya akilalamika. Joto limezidi. Redio inapiga kelele. Siku hizi hata ukinunua kahawa unadaiwa bahshishi!

"Asilimia ishirini!" alifoka. "Mimi najua taratibu. Mfanyakazi anapewa. Mwenye saluni hapewi, maana faida yote ni yake. Mama yangu alinifundisha hivyo."

Basi alilipa dola sitini kamili, na dola tano akamtilia Jonelle mkononi. "Haya, kanunue barafu yako ya sharubati."

Jonelle alizipokea, ingawa moyo ulimsuta. Siku moja kabla ya Pasaka, alipokuwa akitoka msalani, alimsikia Bi Verlene akizungumza na kijana aliyeinunua saluni ile. Jina la Bi Verlene lilibaki mlangoni tu. Sasa alikodi kiti kama wasusi wengine, na kodi ilimlemea. Jonelle alijua angepaswa kumwambia bibi. Lakini akisema, barafu ataipata wapi?

Jumamosi moja ya Agosti, Bi Verlene alichomoa rola ya mwisho, akashusha pumzi.

"Ernestine, mwezi ujao tafuta msusi mwingine. Nimepata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Kodi ya kiti imenishinda."

"Kiti gani? Saluni si yako?"

"Niliiuza tangu Machi, mwenzangu."

"Na mdomo ulishonwa? Miezi yote hii nakunyima haki yako huku najisifu kwamba najua taratibu, nawe kimya!"

"Ulitaka nikuombe? Miaka thelathini nakusuka, nianze leo kukunyooshea mkono?"

Jonelle alishindwa kuvumilia. Machozi yalimlengalenga. "Bibi, mimi nilijua. Tangu Pasaka."

Bibi aligeuka polepole. "Ukawa unakula barafu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mungu wangu! Nimezungukwa na mabubu!"

Alichukua simu, akawapigia wanakwaya wenzake mmoja mmoja. Wote walisukwa kwenye kiti kile, na wote hawakuwahi kutoa bahshishi kwa sababu ile ile. Kila mmoja alipigiwa kelele, naye akaahidi kulipa yaliyopita. Jonelle akamkabidhi Bi Verlene dola zake tano na kumwomba radhi.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, bibi alipoa kidogo. "Sikiliza, mjukuu wangu. Hukusema uongo, lakini ulinyamaza kwa kuwa kunyamaza kulikupa faida. Huko nako ni kukosa uaminifu, na aliyeumia ni mtu anayetufanyia kazi. Mimi nami nilishikilia desturi bila kuuliza kama mambo bado ni yale yale. Tumekosa wote wawili."

Mwezi uliofuata Bi Verlene hakwenda hospitalini. Alikuwa palepale, nyuma ya kiti chake. Bibi alilipa dola zake sitini, kisha akatoa kumi na mbili nyingine, huku akinung'unika kwamba dunia imeharibika.

"Bibi," alisema Jonelle, "joto lilikuwa kali sana leo, na Bi Verlene amesimama tangu alfajiri."

"Sasa umepata mdomo!" bibi alifoka, akaongeza dola tatu.