Skrubu Iliyobaki

"Kipanga, unanisikia? Gonga."

Kipanga aligonga kalamu yake ya Parker mezani mara mbili, kama fundi anayewaza. Sauti ya mkuu wake wa polisi ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni, kidogo kama punje ya dengu.

"Kikosi kimekwama darajani. Tutafika saa kumi na moja. Mzigo usitoke. Narudia, usitoke."

Lahaula! Mnunuzi alikuwa anakuja saa kumi.

Mzigo wenyewe ulikuwa kreti ya chupa za sumu, ya kumwagwa kwenye tangi la maji la mji. Maji hayo ndiyo aliyokuwa akinywa mama yake Kipanga.

"Fundi, unaota?" Tai Nyekundu, bosi wa magendo, alimgusa shingoni kwa bastola ya Beretta. "Nimekuita utengeneze, si ukodoe macho."

"Taratibu, bosi. Sefu hii imemzidi babu yako umri."

Ilikuwa sefu ya kuingia mtu mzima. Upande wa ndani wa mlango, nyuma ya kioo, zilikaa saa tatu ndogo. Hata mwenye ufunguo hafungui mpaka mojawapo ifike sifuri. Moja tu inatosha. Mbili ni akiba, maana saa za kale hazina adabu. Tai Nyekundu aliitaka sefu hiyo kwa sababu hakuwaamini hata walinzi wake.

Kipanga alirudisha magurudumu, akarudisha springi, akafunga kioo. Akazitegesha zote zifike sifuri saa kumi.

Mezani ikabaki skrubu moja nene.

"Fundi gani wewe!" Bosi alicheka hadi tai yake nyekundu ikapinda shingoni. "Kila mkifungua kitu, lazima mbakishe!"

"Ndiyo zetu, bosi." Kipanga akaitia mfukoni.

"Haya, ingia humo."

"Mimi?"

"Wewe na mzigo. Mafundi mna midomo. Sefu ikigoma, utagoma nayo."

Mlango ukafungwa. Du!

Giza totoro. Sikioni, kimya. Chuma kilikuwa kimekata mawasiliano yote.

Kipanga aliogopa, tusifichane. Akapapasa mlango mpaka akakuta tundu la mpini wa zamani, jembamba kama penseli. Skrubu ile ndiyo iliyokuwa imeliziba. Akabandika mdomo, akavuta hewa. Kidogo, lakini hewa.

Akasubiri hivyo, akivuta na kuhesabu, mpaka taa ya saa yake ya Casio ikaonyesha saa kumi kasoro dakika mbili.

Kwa mwanga huo akafungua kioo. Akachomoa nyuzi shatini, akaziviringa kwenye gurudumu la kila saa.

Ya kwanza ikasimama. Ya pili. Ya tatu.

Sasa mlango usingefunguka kabisa. Na saa za kale zikisimama, huenda zisiamke tena. Alilijua hilo vizuri mno.

Nje, vishindo. Ufunguo ukazungushwa, ukagoma. Mnunuzi akaanza kufoka.

"Fundi we!" Bosi alibandika mdomo kwenye tundu. "Kulikoni?"

"Saa zimegoma, bosi. Si nilibakisha skrubu?"

"Nitakuua!"

"Ingia basi."

Saa nzima wakavuta, wakapiga mateke, wakatukanana wao kwa wao. Hakuna aliyekubali kuondoka bila mzigo. Kipanga alikuwa amekaa chini, kichwa kinazunguka kwa uhaba wa hewa, aliposikia sauti mpya.

"Mikono juu! Wote!"

Kisha, tunduni: "Kipanga? Upo?"

"Nipo, mkuu. Kaa tayari na ufunguo."

Akatoa uzi wa kwanza. Kimya.

Wa pili. Kimya.

"Mama wee," alinong'ona. Akatoa wa tatu, akalisukuma gurudumu kwa ukucha.

Tik.

Kimya tena.

Tik, tik, tik, tik.

Ikafika sifuri. Mlango ulipofunguka, bosi alikuwa ukutani, pingu mikononi, tai begani. Kipanga akamtumbukizia skrubu kwenye mfuko wa shati.

"Yako hii, bosi."

Akapita katikati ya askari bila kugeuka, akaenda hadi kwenye bomba la uani. Akalifungua, akakinga viganja, akanywa mpaka akatosheka.