Abiria wa Kilo Sitini

Barabara kuu inaanzia kwenye geti la bandari. Inapita mashamba ya chumvi, inapanda mlima kwa kona kumi na saba, kisha inanyooka kwenye tambarare kavu hadi mji wa mwisho wa bara, na huko inaishia kwenye mzunguko wenye tangi la maji. Njiani kuna vituo vitatu vya mizani ya malori: kimoja bandarini, kimoja katikati ya tambarare, kimoja kule mwisho.

Karani wa kituo cha katikati madereva walimwita Gramu, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Lori likizidi kilo ishirini, analirudisha. Dereva akiomba, anarudishwa. Dereva akilia, na wapo waliolia, anarudishwa vilevile, tena Gramu hata hainui macho kwenye karatasi zake. "Rudi ulikotoka," ndiyo salamu yake. Hata karani mwenzake wa zamani, mtu waliyekula naye sahani moja miaka minne, Gramu alimshtaki kwa wakubwa kwa sababu ya kilo arobaini tu, akahamishiwa kituo cha mwisho wa barabara, mbali na mke na watoto. Gramu alilala usingizi mnono usiku ule.

Sasa, siku moja saa nane mchana, jua likiwa kali hata lami inanata, likapanda mizani lori la saruji la dereva mmoja mzee waliyemwita Breki. Gramu akatazama namba kwenye kioo cha mizani, akatazama tiketi ya uzito ya bandarini, akakunja uso.

Lori huchoma dizeli njiani. Kutoka bandarini hadi tambarare hupungua, haliongezeki. Hili lilikuwa limeongezeka kilo sitini.

"Umepakia mtu," Gramu alisema.

"Sijapakia mtu."

"Teremka. Lishushe, ulipandishe tena."

Breki alilishusha, akalipandisha. Sitini zilezile. Alikuja dirishani kwa karani akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeongea mbele ya mgonjwa.

"Sikiliza, karani. Pale kona ya tatu ya mlima, walipoiziba barabara ya zamani, sikusimama. Wallahi sikusimama. Lakini kiti cha pembeni kilibonyea. Kimebonyea mpaka hapa. Nakuomba, andika lolote, andika kosa la mashine, ila usimwandike huyo."

Lori lilikuwa bado ndani ya uzito wa sheria, kwa hiyo lingeweza kwenda. Ila kanuni ilitaka tofauti yoyote kati ya tiketi mbili iandikiwe sababu, na Gramu alikuwa mtu wa kanuni. Mwenzake wa zamu, aliyekuwa anamenya chungwa pembeni, akacheka.

"Andika abiria basi, yaishe."

"Na anashukia wapi? Hapa kuna sehemu ya kujaza."

"Kwako! Si una chumba cha wageni?"

Wakacheka wote wawili, na Gramu, ambaye hajawahi kufanya mzaha na tiketi hata mara moja katika maisha yake ya ukarani, siku hiyo akafanya. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Abiria mmoja. Anashukia nyumbani kwangu.* Akatia sahihi. Akagonga muhuri.

Namba kwenye kioo ikashuka kilo sitini.

Breki aliiona. Alirudi kwenye lori lake mbiombio kuliko ungemtarajia mzee wa umri ule, akaondoka bila kuaga. Gramu alikuwa anaita lori linalofuata. Aligundua tu kwamba kibanda kimejaa harufu ya lami mbichi, lami inayochemka, na hapo miaka tisa hapajamwagwa hata ndoo moja.

Nyumba yake ilikuwa mita mia mbili nyuma ya kituo. Alipofika jioni, mkewe alikunja pua.

"Umekanyaga nini wewe? Unanuka barabara."

Mtoto wao alikuwa na miezi minane, na nyumba nzima ilimwita Bonge, kwa sababu alikuwa bonge kweli: mashavu, mapaja, mikono yenye mikunjo. Kitu pekee ambacho Gramu alikipenda kuliko kanuni ni mtoto yule. Kadi yake ya kliniki aliibandika ukutani, na mstari wa uzito aliurudia kwa kalamu nyekundu ukawa unapanda kama barabara ya mlimani. Kilo tisa na nusu. Alizitaja kwa kila mtu, hata wasiouliza.

Wiki ile Bonge alishuka hadi tisa. Wiki iliyofuata nane. Nesi aliuliza kama anaharisha. Haharishi. Anatapika? Hatapiki. Anakula, mama yake akasema, anakula kuliko sisi, lakini chakula sijui kinakwenda wapi. Wiki ya tatu alikuwa kilo sita na ngozi ya mapaja ilikuwa inaning'inia, na mtoto aliyekuwa akicheka hata akionyeshwa kijiko sasa alikuwa anatazama tu upande mmoja wa kitanda, ule usio na mtu.

"Godoro linabonyea," mkewe alinong'ona. "Nikilala mchana naye, upande wa pili kuna uzito. Nikigeuka hamna. Baba Bonge, umeleta nini humu ndani?"

"Acha maneno ya ovyo."

Lakini Gramu ni mtu wa mizani. Jumamosi mchana mkewe akiwa uani anaanika nguo, mtoto akiwa amelala, alichukua mizani ndogo ya kupimia watu, ile ya sindano, akaiweka sakafuni katikati ya chumba. Akarudi nyuma hadi mlangoni. Aliona aibu, mtu mzima na cheo chake. Akasema, kwa sauti aliyotumia kwa malori, "Panda."

Harufu ya lami ilikuja kwanza, nzito, ikamkaa kooni. Halafu sindano ikatikisika, ikaanza kwenda taratibu, kumi, ishirini, thelathini, bila haraka yoyote, kama kitu kinachojishusha kwa makini ili mwenye nyumba apate muda wa kuhesabu, arobaini, hamsini, na mwanga wa jua umejaa chumba kizima na nguo za mtoto zimekunjwa vizuri kwenye kiti na hakuna mtu, hakuna kivuli, hakuna hata alama ya mguu juu ya kile chuma, ila sindano tu inayofika sitini na kusimama. Ikakaa pale. Gramu alisikia pumzi isiyo yake. Kisha sindano ikarudi sifuri kwa mara moja, na springi za kitanda zikalia, na godoro likashuka pembeni ya mtoto.

Alimnyakua Bonge, akakimbia uani. Alilia mbele ya mkewe, akamweleza yote.

Shangazi wa mkewe alikuwa mtu wa kutibu. Aliitwa, akaja, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Huyu ana karatasi. Kaandikwa kwamba anashukia hapa, na sahihi ipo. Nitamfukuza kwa lipi mimi?"

"Shangazi, mtoto anakwisha!" mkewe alisema.

"Naona, mwanangu. Mumeo amwandikie safari nyingine, ya mwisho wa barabara. Na karani wa huko ampokee, atie sahihi yake. Asipopokewa..." Hakumaliza. Alikuwa anamtazama Gramu kwa chuki ya wazi. "Mtu mzima unaandika wageni kwa mzaha."

Gramu alisimama kando ya mizani kwa siku mbili akiomba lifti. Madereva walimsikiliza, wengine wakacheka, mmoja akamwambia, "Rudi ulikotoka," akapandisha kioo. Siku ya tatu akaja Breki.

"Shikamoo, mzee," Gramu alisema. Hakuwahi kumwamkia.

"Umenirudisha mara kumi na nne," Breki alisema. "Mke wangu alifiwa na mama yake, nikakuomba unipitishe niwahi maziko. Kilo ishirini. Ulinirudisha."

"Mzee wangu, mtoto amebaki kilo tano."

Breki alifungua mlango wa pembeni. "Panda. Namfanyia mtoto. Wewe usinisemeshe njiani."

Gramu aliandika tiketi: *Abiria mmoja. Anashukia mwisho wa barabara.* Sahihi, muhuri. Wakangoja. Mlango wa nyumba yake, kule mita mia mbili, ukafunguka na kujifunga, na mkewe akapiga yowe moja, na baada ya muda wa mtu kutembea taratibu namba kwenye kioo ikapanda kilo sitini.

Kiti cha katikati kilibonyea kati yao. Kwa muda wa saa tano walisafiri hivyo, tambarare haina mti wala nyumba, upepo wa madirishani haukuiondoa ile harufu, na Gramu alikaa amejibana kwenye mlango huku kitu cha moto kikimwegemea begani, kila kilomita kikimwegemea zaidi, kizito kama mtu aliyelala usingizi, ila hakikulala, maana mara kwa mara alisikia karibu na sikio lake sauti ndogo ya ulimi ikihesabu, sita, tano na nusu, tano, na akajua kinahesabu nini, akauma kidole chake asipige kelele kwa sababu Breki alikuwa anaendesha na machozi yanamtoka.

Walifika kituo cha mwisho saa tisa alasiri. Karani aliyetoa mkono dirishani kupokea tiketi alikuwa yule mwenzake wa zamani.

Alisoma. Akasoma tena.

"Abiria mmoja," alisema. "Yuko wapi?"

"Ndugu yangu," Gramu alisema, "tia sahihi tu. Nitakueleza. Tia sahihi kwanza."

"Ndugu yako? Binti yangu amejifunza kutembea mimi sipo. Kwa kilo arobaini." Aliifungua droo, akatoa muhuri. "Uzito usio na maelezo. Kanuni inasemaje? Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Usigonge huo! Nakupigia magoti, usigonge huo!"

Na kweli alipiga magoti, kwenye kokoto, mbele ya madereva wote. Karani aliulowesha muhuri wino. Kisha akagonga: *IRUDISHWE KWA ALIYETIA SAHIHI.*

Namba kwenye kioo ikashuka kilo sitini. Harufu ikakatika. Kiti cha katikati kikainuka polepole, kikawa kiti.

Gramu alikaa palepale chini, akaanza kucheka. "Kashuka! Mzee, umeona? Kashuka!"

Breki hakucheka. Alikuwa ameiokota tiketi na anasoma muhuri.

Robo saa baadaye simu ya Gramu ikaita. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilijaa furaha, furaha ambayo hakuisikia kwa mwezi mzima.

"Baba Bonge! Amekula! Bakuli zima la uji, akataka lingine, akamaliza la tatu. Ameamka sasa hivi tu, ghafla, anacheka, mashavu yamerudi, naapa yamerudi mbele ya macho yangu!"

"Alhamdulillahi," Gramu alisema. "Alhamdulillahi, mke wangu. Mbebe, mpe simu nimsikie."

 Kitu kikalia huko, mbao au springi.

"Ndiyo nilitaka kukwambia," mkewe alisema, na sasa alikuwa ananong'ona. "Nimejaribu kumbeba. Baba Bonge, siinui hata mguu wake. Kitanda kimevunjika. Ananitazama, anacheka... na humu ndani kunanuka barabara."