Viatu Namba Arobaini na Moja

Sokoni dada huyo muuza viatu walimwita Jicho, na jina lilimkaa. Mteja akisimama mbele ya kibanda chake cha viatu, kabla hajafungua mdomo, Jicho alishajua anavaa namba ngapi na kama ni mtu wa kubisha. Siku kinyozi mmoja alipochomoza katikati ya msongamano wa wanunuzi, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola, nywele zimechongwa kwa mstari, alimpima mara moja: arobaini na tatu, mbishi.

"Nipe vile vyeusi vya ngozi, arobaini na moja," kinyozi alisema.

"Vitakutafuna vidole, kaka yangu. Jaribu hivi vya arobaini na tatu."

Akavijaribu, akakunja uso. "Hivi sivisikii kabisa, ni kama niko peku." Akavaa vya arobaini na moja, akapiga kishindo. "Sasa hapa nasikia nimevaa kiatu."

"Havikubani?"

"Hata kidogo. Kinachonibana ni hayo macho yako."

"Basi nitayafumba, ulipe uende."

Kazini Jicho alikuwa na sheria moja: jicho lake linapendekeza, mguu wa mteja una kauli ya mwisho. Akamfungia viatu, na namba yake ya simu akaiandika juu ya boksi.

Wakapendana, tena kwa kasi. Kila saa sita mchana kinyozi alipiga simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe, mbona unasikika unakunywa maji tena? Ulizaliwa jangwani?"

"Kiu ya kukuona hiyo."

Kila kitu alikigeuza mzaha, na Jicho, Mungu amsamehe, alicheka. Alicheka alipomwona akienda chooni mara tatu kabla sinema haijafika katikati. Alicheka pia kinyozi alipogoma kuvua soksi sebuleni kwake, akisema miguu ya kinyozi ni siri ya kazi. Akampenda hivyo hivyo na soksi zake.

Mwezi wa tano Jicho alimpelekea chakula saluni. Alimkuta akichechemea nyuma ya kiti cha mteja, na chini ya manukato ya pauda akanusa kitu kingine, kama nyama iliyolala.

"Vua kiatu," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Mbele ya wateja? Niko sawa, mpenzi. Nenda, nitakupigia."

Hakupiga. Siku nne zikapita, kisha wiki mbili. Jicho alipopiga yeye, alijibiwa mara moja tu. "Nina mambo yangu kidogo. Nipe nafasi."

"Mambo yako yana jina?"

Simu ikakatika. Akajua, kama mwanamke yeyote angejua, kwamba kuna mwingine, mrefu zaidi na anayejua kupika. Alimlaani mwanamke huyo asiyekuwepo usiku na mchana.

Aliyekuja kibandani alikuwa dada mkubwa wa kinyozi, mwenye macho mekundu.

"Wifi, huna habari? Mdogo wangu wamemkata mguu, chini ya goti. Sukari hiyo. Anayo mwaka wa sita, dawa anameza akijisikia. Miguu imekufa ganzi, kiatu kikamchubua kidole gumba na yeye hasikii, akaja kugundua kimeoza."

Jicho alikaa juu ya boksi la viatu. Alikuwa ameona arobaini na tatu kwa macho yake mawili. Ameuliza kama vinabana, ameuliza mguu usio na jibu, na akauamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Wodini kinyozi alikuwa amekonda, ndevu zake hazijanyolewa. Shuka lilikuwa limelala pale ambapo mguu ungekuwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nyumbani kwetu kila mtu ananitazama kama mgonjwa. Nilitaka mtu mmoja anione mzima."

"Na mimi nikakuuzia kidonda. Ningejua, ningekupa viatu vipana, ningekukagua nyayo kila siku. Watu wanaishi na sukari mpaka wanazeeka."

Alilia, naye akalia. Kisha kinyozi akamshika kidole cha pete. "Utakubali kuolewa na mtu wa mguu mmoja?"

"Mguu si hoja. Nina sharti moja tu. Hali ikiwa mbaya, niambie ni mbaya."

"Naahidi, roho yangu."

"Asubuhi sukari ilikuwa ngapi?"

"Saba. Imeshuka vizuri."

Jicho akambusu paji la uso kwa furaha. Hawajaachana mikono nesi akafika na faili lake.

"Umeamua kuchomwa sindano sasa, au bado umegoma? Sukari kumi na tisa tangu asubuhi. Huo mguu uliobaki una kosa gani?"

Kinyozi aligeukia ukutani. "Nilitaka ufurahi," alisema.

Jicho hakumgombeza. Alimwomba nesi amwonyeshe namna ya kuukagua ule mguu mmoja: katikati ya vidole, kisigino, na unyayo kwa kioo. Alipomaliza akamfunika vizuri.

"Kesho saa sita nitakupigia. Utaniambia namba ya kweli, hata ikiwa mbaya namna gani, na mimi nitakuja."

Kesho yake alivaa gauni la bluu ambalo kinyozi alilipenda, akafunga kibanda mapema. Kwanza alimpigia wifi yake. Kisha akampigia yeye, akiomba asikie namba mbaya.

"Leo ngapi, mpenzi?"

"Leo nimeamka vizuri sana. Saba na nusu."

"Una uhakika?"

"Nikudanganye ili iweje, laazizi? Niko sawa kabisa. Njoo basi."

"Dada yako kaniambia ishirini na moja," Jicho alisema. "Ungeniambia hata thelathini, ningekuja mbio. Nakupenda, na sitaweza kusimama pembeni wakikukata kidogo kidogo, huku unaniambia uko sawa."

"Jicho, nisikilize."

Alisubiri. Alisubiri kwa moyo wake wote aitaje ile namba, akisikia vitoroli vya wodi vikipita upande wa pili wa simu.

"Mashine yao mbovu," kinyozi alisema.

Jicho alikata simu, akakaa na gauni lake la bluu mbele ya kibanda kilichofungwa, akalia watu wakipita.