Bolti Iliyobandikwa Kichwa

Nyinyi mnaopita mtaani kwetu na haraka zenu, simameni kidogo niwape kisa. Mimi ni fundi cherehani na kibaraza changu kinatazamana na gereji ya pikipiki. Mengine nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, mengine aliyasema mwenyewe aliyeyatenda, tena mbele ya mkewe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Asubuhi ile ilikuwa njema. Jirani yangu, mwalimu wa chekechea, alisimama mlangoni akimfunga mumewe vifungo vya ovaroli. "Injini nzima unaifumua, vifungo vinakutoa jasho," alimtania. Mumewe akacheka, akavuka barabara kwenda kazini. Gerejini wanamwita Hainishindi, kwa kuwa kila kazi anayoletewa hujibu neno hilo hilo. Walikuwa wanapendana wale, jamani, na sisemi hivyo kwa kila ndoa ninayoiona.

Kabla sijaendelea, mjue desturi ya gereji ile, maana ndiyo iliyoleta balaa. Fundi akishindwa na kazi akaipeleka kwa mwenzake, wenzake huacha walichoshika, hugonga spana kwenye rimu tupu na kuimba, "Imemshinda! Imemshinda!" mpaka mtaa mzima utoke kuchungulia. Wenyewe wanauita utani. Mimi nimemwona mtu mzima na ndevu zake akijifungia chooni kwa sababu ya utani huo. Hainishindi hakuwahi kugongewa hata mara moja, na alijivunia jambo hilo kama vile ni cheo.

Jua lilipoanza kuchoma, akaingia dereva wa pikipiki, mdogo wake yule mwalimu.

"Shikamoo shemeji. Breki ya mbele inalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nibadilishie pedi, mchana nampeleka dada kwenye kikao cha walimu kule bondeni."

"Marahaba. Kaa hapo, haikai muda hiyo."

Pedi za breki hukaa ndani ya kinyumba cha chuma, na kinyumba hicho hushikwa na bolti mbili kwenye mguu wa gurudumu. Ya juu ilifunguka. Ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu, haisogei. Bolti ya namna hiyo haitaki ubabe. Unaimwagia mafuta ya kulainisha kutu, unaiacha inywe, unaipasha moto, unaigonga kidogo kidogo, unajaribu, unaiacha tena. Mafundi wote wanajua, hata mimi wa sindano najua kwa kuwasikiliza tu.

Lakini shemeji mtu anasubiri, na wenzake wameanza kumkodolea macho.

"Vipi, mzee? Imegoma?" mmoja akauliza, huku mkono wake ukitafuta spana.

"Nani kakwambia? Hainishindi."

Akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana apate nguvu, akajitupa kwa uzito wake wote. Kichwa cha bolti kikakatika, kikabaki kwenye spana. Mwili wa bolti ukabaki umekwama ndani ya chuma. Kwa bahati yake mbaya, shemeji alikuwa ametoka kidogo kunywa chai, na wenzake walikuwa wamerudi kwenye kazi zao.

Mchomelea vyuma alikuwa kibanda cha jirani. Angemwita, yule angechomelea nati kwenye kile kisiki na kukitoa taratibu. Ila kumwita ni kukiri, na kukiri ni kugongewa rimu. Hainishindi akatia pedi mpya, akarudisha kinyumba, akakaza ile bolti ya juu peke yake. Kisha akachukua gundi ya chuma akakibandika kile kichwa mahali pake, akakipaka grisi na vumbi. Ukikitazama, ungeapa kimekazwa.

"Tayari," akamwambia shemeji yake aliporudi.

"Shemeji, wewe mkali!" Yule kijana akampa mkono kwa mikono yote miwili.

Mchana nilimwona mwalimu akipanda nyuma ya mdogo wake, amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Hainishindi aliwapungia mkono. Alituambia baadaye kwamba alijisemea moyoni: bolti moja itashika, jioni nitamwambia airudishe.

Haikushika. Kwenye mteremko wa bondeni dereva alibana breki, bolti ya juu ikalegea ikachomoka, kinyumba kikageuka na kuingia kwenye spoku. Gurudumu likasimama ghafla. Dereva alichubuka mikono na uso. Dada yake aliangukiwa na pikipiki, na goti lake likasagika. Daktari alisema mguu ule hautakunjika tena.

Sasa sikieni jambo lililoniuma kuliko hata hilo goti. Watu walisema ni mwendo kasi. Vijana wa pikipiki, si mnajua wanavyosemwa! Mwalimu mwenyewe akaamini, akamkataza mdogo wake kukanyaga nyumbani kwake. Na Hainishindi akanyamaza. Aliichukua pikipiki ile, akaifunika turubai nyuma ya gereji, akajifanya ana huzuni ya mume tu. Yule kijana naye, kwa kuambiwa kila siku, akaanza kujishuku.

Jumapili moja nilikuwa kwa mwalimu nikimpanulia nguo ziwe rahisi kuvaa na mguu ule. Mdogo wake akaja, akapiga magoti mlangoni.

"Dada, labda kweli nilikimbiza. Sikumbuki vizuri. Nisamehe."

Mwalimu akageuza uso ukutani. Hainishindi alikuwa ameshika bakuli la uji wa mkewe, na niliona uji unamwagikia vidole asihisi.

"Inuka, shemeji," akasema. "Si wewe. Ni mimi." Akayasema yote: bomba, kichwa kilichokatika, gundi, turubai. Alilia kwa sauti, wala sikumwonea huruma.

Mwalimu akamgeukia.

"Ulijua nitapanda ile pikipiki?"

"Nilijua."

"Si ungesema tu imekushinda, mume wangu?" Hakupaza sauti. "Ningekwenda kwa miguu."

Alimwomba mdogo wake amkusanyie nguo, na jioni ile ile kijana akambeba dada yake hadi kwenye gari la jirani, wakaenda kwa mama yao. Hadi leo hajarudi.

FUNZO

Ndugu zangu, kushindwa na kazi si dhambi. Dhambi ni kuificha kazi iliyokushinda kisha ukampa mwenzako apande. Na ubaya ukishatokea, kumwachia asiye na kosa aubebe ni kuumiza mara ya pili. Lakini hatumtupii lawama Hainishindi peke yake. Sisi tuliotoka kuchungulia na kucheka tulimfundisha kuogopa kicheko kuliko kifo. Fundi akikwambia, "Hii siiwezi, mpelekee mwingine," usimbeze wala usimwite mzembe. Mshukuru, maana huyo amejali ufike nyumbani na viungo vyako vyote.