Harufu ya Sweta la Mama

Jumamosi duka la dobi lilifurika watu, pasi zikitoa mvuke mpaka vioo vikatoka jasho. Mwalimu wa chekechea, ndani ya gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, alifungua furushi alilokabidhiwa akakuta suruali za kiume.

"Kaka dobi, hizi ndizo zangu?"

"Umezijaribu?"

Watu wakacheka. Alitaka kununa, kicheko kikamshinda. Tangu amzike mama yake hakuwa amecheka mbele ya mtu. Jioni ile dobi alimletea nguo zake mlangoni, akaomba radhi, akaomba na namba ya simu.

Miezi ikapita, simu hazikatiki.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe unanuka sabuni mpaka kwenye simu."

"Zoea. Ndiyo manukato yangu."

Siku moja mwalimu alimwachia ufunguo aje achukue nguo za kikapuni. Dobi alizichukua. Lakini dobi akiona kola chafu mikono humwasha, na pale kabatini palikuwa na sweta la kijivu, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akalibeba bila kuuliza. Alilifua kwa mkono, akaliziba tundu la kiwiko, akalirudisha huku anachekelea hadi magego.

Mwalimu akalisogeza puani. Sabuni tupu.

"Umefanya nini?"

"Lilikuwa chafu, mpenzi. Nilitaka kukufurahisha."

"Lilikuwa la mama! Nikikosa usingizi nalinusa. Ndicho kitu chake pekee nilichobaki nacho, umekimwaga mtaroni!"

"Sikujua..."

"Ungeuliza! Mdomo wa kuchekesha watu unao, wa kuuliza huna? Toka."

Akatoka kichwa chini.

Chumba kikawa kikubwa ghafla. Mwalimu alikula amesimama, akazima taa mapema, akaacha simu iite hadi inyamaze. Alimlilia mama yake upya, kana kwamba wamemzika jana. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa anamkumbuka na dobi. Upweke ulimkaba pande zote mbili, na Jumapili mchana akampigia.

"Usijitetee," alisema.

"Sijitetei. Nimekosa, na siwezi kukurudishia. Ila niambie, lilinukaje?"

Tangu msiba uishe hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu mama yake. Akafungua kinywa. Mafuta ya nywele? Dawa ya kifua? Alitafuta, akatafuta, kisha kilio kikamtoka.

"Sijui. Harufu yake ilikwisha zamani, hata kabla hujalifua. Nilikuwa najinusa mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza dobi hakuwa na mzaha.

"Nije?"

"Bado nina hasira na wewe."

"Nitakuja nikae nazo."

Mwalimu akajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Njoo," akasema. "Lakini usiguse kitu."