Diski Kubwa Kwenye Grinda Ndogo

Wakati wa likizo Chiriku hakuhitaji kuamshwa. Kila asubuhi alinawa uso, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akavuka ua kwenda kwenye gereji ya shangazi yake nyuma ya nyumba. Alifagia sakafu, akapanga spana kwa ukubwa, akachota maji ya kunawia mikono. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina la Chiriku alilipata kwa sababu kinywa chake hakikupumzika tangu ufagio uanze kazi mpaka mlango ufungwe.

Shangazi alikuwa fundi bodi. Watu walimletea magari ya zamani yaliyoliwa na kutu, naye aliyarudisha yalivyokuwa yalipotoka kiwandani. Alikuwa na mtindo wake: aliinama mbele ya gari, akafumba jicho la kulia, na kwa la kushoto akatazama mwanga unavyoteleza juu ya bati. Bonde dogo ambalo mkono haukulihisi, jicho lile liliona. Mafundi wenzake walikuja kumwomba awatazamie kazi zao kabla ya kupaka rangi.

Gari lililokuwamo gerejini likizo ile lilikuwa dogo, lenye taa za mviringo, mali ya mkunga mstaafu. Chiriku alipewa mlango mmoja uliokwisha kufunguliwa na kulazwa juu ya meza, asugue kutu kwa msasa wa mkono. Kazi ilikuwa polepole, na Bingwa, mtoto wa shangazi aliyekuwa akisomea ufundi, hakumwacha apumue.

"Ukimaliza mlango huo," alimwambia, "mwenye gari atakuwa na vitukuu."

"Na wewe utakuwa bado unatafuta spana namba kumi," Chiriku akamjibu.

Walicheka, lakini maneno yale yalimkaa Chiriku rohoni. Alitamani kutumia grinda, ile mashine ndogo ya umeme inayozungusha diski ya kukwangua au kukata chuma. Siku ya kwanza kabisa shangazi alikuwa amemwonyesha mashine hiyo na kumpa sharti: haiguswi bila kofia. Chiriku aliitikia. Sharti lilimwingia akilini bila shida, maana shangazi alifunga kitambaa kichwani siku zote, na Bingwa hakuvua kofia yake hata wakati wa kula. Bila shaka ni ili nywele zisinaswe. Hakuona cha kuuliza.

Asubuhi moja Bingwa alitumwa kununua rangi. Shangazi alikuwa ndani ya gari, amelala kifudifudi, akibandua zulia la zamani kwenye sakafu, na miwani ya kinga machoni kwa ajili ya vumbi. Chiriku alitazama mlango wake, akaitazama grinda. Diski iliyokuwa juu yake ilikuwa imelika mpaka ikawa kama kifuniko cha chupa ya chai. Lakini ukutani, juu ya msumari, ilining'inia diski pana ya grinda kubwa, nzima kabisa. Akaipima. Tundu lake la katikati lilikuwa sawasawa na la ile ndogo.

Kilichozuia ni nusu duara ya chuma iliyokuwa imezunguka mahali pa diski. Diski kubwa iligonga hapo. Chiriku alichukua bisibisi, akalegeza skrubu, akakitoa kile chuma na kukisukuma chini ya meza. Diski ikaingia. Akaikaza kwa ufunguo wake kama alivyomwona Bingwa akifanya. Ndipo akakumbuka sharti. Alikimbia ndani, akachukua kofia kuukuu ya Bingwa nyuma ya mlango, akaivuta mpaka ikafunika masikio. Sasa hakuna wa kumlaumu.

Akawasha.

Grinda ile ilikuwa na sauti yake, kama mbu mkubwa. Safari hii haikulia kama mbu. Ilinguruma, kisha ikapanda na kupanda, na mikono ya Chiriku ikafa ganzi mpaka viwikoni. Ndani ya gari shangazi alisikia sauti ngeni, akainua kichwa kwenye uwazi wa dirisha. Kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka kusema "zima."

Neno halikutoka. Kukawa na mlio mmoja mkavu, kama wa kigae kinachovunjika, na diski haikuwapo tena. Grinda iliruka mikononi mwa Chiriku, ikaanguka sakafuni, ikazunguka yenyewe mpaka waya ukachomoka ukutani. Shangazi alikuwa bado dirishani. Kioo cha kushoto cha miwani yake hakikuwapo, na damu ilishuka kutoka kwenye nyusi, ikafuata pua, ikadondoka juu ya bati. Aliligusa tone lile kwa kidole, akalitazama kama mtu anayetazama rangi asiyoifahamu.

"Nenda kamwite jirani," alisema kwa sauti ya kawaida. Sauti hiyo ya kawaida ilimtisha Chiriku kuliko kelele yoyote.

Hospitalini daktari wa macho alimshona nyusi. Alieleza kwamba kipande cha diski kiligonga miwani, nayo ikakizuia. Isingekuwa miwani, jicho lisingekuwapo. Lakini chembe za kioo zilikuwa zimelikwaruza, na mpaka bandeji itakapofunguliwa siku ya tatu hakuna awezaye kusema kama litaona vizuri. Chiriku alisikia kila neno. Njiani kurudi hakufungua kinywa, wala jioni, wala wakati wa kula, mpaka jirani akauliza kama mtoto naye ameumia.

Kesho yake Bingwa aliokota vipande vya diski na kuvitia kwenye kopo. Alikuwa na hasira iliyotafuta pa kutua, na ilikuwa imeshapapata: muuza vifaa wa kwenye kona. Alisema mtu yule anauza diski feki, na leo atamwagiwa vipande hivi mezani mbele ya wateja wake wote, aone kama kuna atakayenunua kwake tena.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Kama angenyamaza, kopo lingetoka, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Muuza vifaa alikuwa mtu mpole, aliyempa kiti kila alipotumwa dukani.

"Diski haikuwa feki," alisema. "Ilikuwa ya mashine kubwa. Mimi ndiye niliyeitia kwenye ndogo."

Bingwa akaliweka kopo chini. Shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya tairi na bandeji usoni, aligeuza kichwa kizima ili amwone kwa jicho moja.

"Iliwezaje kuingia? Kofia uliiweka wapi?"

"Niliivaa, shangazi."

"Uliivaa?"

Chiriku alidhani jeraha limemchanganya. Aliingia ndani, akarudi na ile kofia kuukuu, akampa kwa mikono miwili. Shangazi aliipokea, akaigeuza ndani nje. Bingwa, ambaye angecheka hata msibani, hakucheka. Kisha aliinama chini ya meza, akapapasa, akatoa nusu duara ya chuma.

"Kofia ni hii," alisema taratibu. "Ya grinda."

Chiriku alikitazama kile chuma. Alikitoa yeye mwenyewe, kwa bisibisi, kisha akavaa kofia ya kichwani ili atii sharti lililozungumzia chuma hicho hicho. Akaketi sakafuni pale pale. Kutoka chini aliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: kipande cha diski kimezama kwenye nguzo ya mbao, nyuma ya mahali aliposimama jana. Aliinuka akaenda kusimama karibu nacho. Kilikuwa usawa wa koo lake. Bingwa alikishika kwa koleo, akakivuta kwa mikono yote miwili ndipo kikatoka.

Siku ya tatu bandeji ilifunguliwa. Daktari alimziba shangazi jicho la kulia, akamwomba aseme anachokiona. Shangazi aligeuza uso polepole, akalitazama dirisha. Chiriku alishika ukingo wa kiti.

"Fremu ya dirisha lako imepinda juu, upande wa kulia," alisema mwishowe. "Aliyeifunga alikuwa na haraka."

Jioni hiyo aliwaita wote wawili mezani, waya wa grinda ukiwa umechomolewa. Alimpa Chiriku diski kubwa nyingine asome maandishi yake: isizidi mizunguko elfu sita na mia sita kwa dakika. Kisha akamsomesha yaliyo ubavuni mwa grinda ndogo: elfu kumi na moja.

"Tundu kutoshea si ruhusa," alisema. "Namba ya diski haiwi chini ya namba ya mashine. Diski ikipasuka, kofia hii husimama kati yake na mwili wako. Na hata kama isingepasuka, diski ile lingekuwa jiwe la kuutoboa mlango, maana bati la gari ni jembamba. Kutu huanza na brashi ya waya. Kulainisha ni diski ya msasa. Kukata ni diski ya kukatia, wala husagi kwa ubavu wake. Miwani kila mara, na hewani mwako asisimame mtu."

Aliipapasa nyusi iliyoshonwa.

"Kosa lako ni kugusa mashine bila kuniita, na likizo hii hutaishika tena. La kwangu ni kwamba nilisema neno la gerejini kwa mtu wa nyumbani, nikaona umeitikia, nikaridhika. Ulisema kweli kabla hatujamharibia mtu jina lake, na hilo nimeliona. Lakini wanangu, shikeni hili: sharti ambalo hujalielewa hujalipokea, hata ukilitii kwa moyo wote. Mtu akikupa kazi, mrudishie kwa maneno yako ulichosikia. Ukikosea kwa mdomo atakusahihisha. Ukikosea kwa chuma, hakuna wa kusahihisha."

Aliuliza kama kuna asiyeelewa. Bingwa alitikisa kichwa. Chiriku alisita kidogo, akaona aibu, kisha akainua mkono kama darasani.

"Shangazi, hewani mwangu ni wapi?"

Shangazi alimtazama kwa macho yote mawili. Akavuta kiti karibu, akaanza kumwonyesha kwa kidole njia ambayo cheche na vipande huruka diski inapozunguka.